Barafu ya Ncha za Dunia Inapimwa na Nani? Majibu ya Maswali Yenu

Antaktika ni ya nchi gani? Nimeona ramani imekatwa vipande kama keki.

Ramani hiyo si ya kubuni. Nchi saba zinadai maeneo huko, na madai ya Argentina, Chile na Uingereza yanapandana kwenye rasi ileile. Lakini Mkataba wa Antaktika, uliotiwa saini Washington tarehe 1 Desemba 1959, uliyaweka madai hayo kando: hayakukubaliwa wala kukataliwa, na hakuna ruhusa ya kuleta mapya. Nchi 12 zilitia saini, Afrika Kusini ikiwa mojawapo. Marekani na Muungano wa Kisovieti nazo zilikuwamo, katikati ya Vita Baridi. Kipengele ninachokipenda kuliko vyote ni cha ukaguzi. Nchi zenye kura katika mkataba zinaweza kutuma wakaguzi kwenye kituo cha nchi yoyote, wakati wowote, na mwenyeji hana haki ya kuwafungia mlango. Kwa mahasimu wa enzi ile, hilo lilikuwa jambo kubwa mno.

Nchi tajiri ina meli, ndege na fedha. Kwa nini isifanye utafiti wake peke yake?

Kwa sababu mazingira yenyewe hayampi mtu nafasi hiyo. Chukua Vostok, kituo cha Wasovieti katikati ya barafu ya Antaktika, ambako tarehe 21 Julai 1983 kipimajoto kilishuka hadi nyuzi 89.2 chini ya sifuri. Wasovieti walikuwa na mitambo ya kuchimba barafu na watu waliozoea kuishi pale. Wafaransa walikuwa na maabara za kusoma hewa iliyonaswa ndani ya barafu. Wamarekani walikuwa na ndege za Hercules zinazoweza kutua kwa skii juu ya theluji. Katika miaka ya 1980, serikali zao zikiwa zimeelekezeana makombora, barafu iliyochimbwa na Wasovieti ilipakiwa kwenye ndege ya Marekani ili ikapimwe Ufaransa.

Kazi yenyewe inataka subira. Barafu ya kina kirefu huja juu na viputo vya hewa vilivyobanwa kwa nguvu. Ukiikata haraka inapasuka ovyo, kwa hiyo huachwa itulie kwanza, pengine kwa miezi, kabla msumeno haujaigusa. Maabarani, kipande husagwa ndani ya chombo kilichoondolewa hewa yote, viputo vinafunguka, na hewa ya kale inatoka na kupimwa. Hivyo ndivyo Vostok ilivyotupatia historia ya hewa ya dunia ya miaka 420,000. Baadaye nchi 10 za Ulaya zilichimba pamoja mahali paitwapo Dome C, hukohuko Antaktika, zikafikia miaka 800,000. Katika muda wote huo kiwango cha hewa ukaa hakikuzidi takriban sehemu 300 kwa kila milioni. Sasa kimeshapita 420. Hakuna nchi hata moja iliyoupata ujuzi huo kwa mikono yake yenyewe.

Ni kweli kwamba mwaka 2048 marufuku ya kuchimba madini Antaktika itakwisha?

Si kweli, ingawa nakutana na dai hilo kila mara. Itifaki ya Madrid ya 1991, nyongeza ya Mkataba wa Antaktika iliyoweka marufuku hiyo na kuanza kutumika 1998, haina tarehe ya mwisho. Kilichopo ni kwamba baada ya miaka 50 nchi yenye kura inaweza kuomba mkutano wa kuipitia upya. Hata hapo, marufuku haiondolewi mpaka kuwe na sheria nyingine ya kudhibiti uchimbaji inayozibana nchi.

Vita vya Ukraine vimegusa utafiti huu?

Ndiyo, hasa upande wa kaskazini, na jambo hili linaniuma. Baraza la Aktiki, jukwaa la ushirikiano la nchi za eneo la ncha ya kaskazini, lina nchi nane, na Machi 2022 saba kati yake zilisimamisha ushiriki wao katika mikutano chini ya uenyekiti wa Urusi. Baadaye kazi za vikundi vyake zilirejea polepole. Sababu za hatua ile nazielewa. Ila karibu nusu ya pwani ya Aktiki ni ya Urusi, na humo mna eneo kubwa la udongo ulioganda daima. Kwa jumla, udongo wa aina hiyo kaskazini mwa dunia umehifadhi kaboni inayokaribia mara mbili ya iliyopo angani. Ukiyeyuka, hewa ukaa na methani, gesi zinazoongeza joto la dunia, hutoka. Setilaiti inaona juu ya ardhi tu. Kujua joto la chini kunahitaji mtu ashushe kipimo kwenye shimo, mwaka baada ya mwaka, palepale. Mfululizo ukikatika, miaka iliyopotea haipimiki tena. Naamini nchi zingepaswa kuendelea kubadilishana vipimo vya namna hii hata pale mabalozi wasipozungumza. Vostok ilionyesha kwamba inawezekana.

Mimi ni mwanafunzi wa jiografia. Nchi yangu haina kituo wala meli ya kuvunja barafu. Naanzia wapi?

Anza na takwimu. Kifungu cha tatu cha Mkataba wa Antaktika kinataka nchi zibadilishane matokeo ya uchunguzi na yapatikane kwa uhuru, na mengi yapo mtandaoni bila malipo. Kisha jiunge na APECS, chama cha watafiti chipukizi wa maeneo ya ncha. Uanachama ni bure. Kamati ya kimataifa ya utafiti wa Antaktika, SCAR, iliyoundwa 1958, hutoa ufadhili kwa vijana waende kufanya kazi na timu za nchi nyingine. Mwaka wa Kimataifa wa Ncha za Dunia, kampeni ya utafiti wa pamoja wa nchi nyingi, unaofuata umepangwa 2032–2033, na mipango yake inaandaliwa sasa. Tafuta msimamizi wa utafiti mapema.