Baraza la Ulaya: lipi hasa?

SWALI: Niliandika kwamba "Baraza la Ulaya liliivua Urusi uanachama mwaka 2022." Mhariri akabadilisha: "Umoja wa Ulaya uliivua Urusi uanachama," akidai ni kitu kilekile. Je, ni kweli?

JIBU: Si kweli. Sentensi yako ilikuwa sahihi. Urusi haijawahi kuwa ndani ya Umoja wa Ulaya, basi ingevuliwa uanachama gani? Tarehe 16 Machi 2022 iliondolewa katika Baraza la Ulaya, chombo kingine kabisa, kilichoundwa 1949, chenye makao Strasbourg na sasa nchi wanachama 46, Uturuki na Ukraine zikiwamo. Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu ni ya Baraza hilo. Hata bendera ya buluu yenye nyota 12 ilikuwa yake tangu 1955. Umoja uliichukua baadaye, na hapo wengi huchanganyikiwa.

Mzizi wa tatizo ni neno "baraza". Umoja wa Ulaya, wenye nchi 27, una vyombo viwili ambavyo kwa lugha za huko navyo huitwa baraza: kimoja cha marais na mawaziri wakuu, kingine cha mawaziri. Ukitafsiri jina kwa jina, vyote vitatu huishia "Baraza la Ulaya", na msomaji hajui nani kaamua nini. Msamiati wa kuvitenganisha tunao tayari: Jumuiya ya Afrika Mashariki ina Mkutano wa Wakuu wa Nchi na Baraza la Mawaziri. Basi andika "mkutano wa wakuu wa Umoja wa Ulaya" na "Baraza la Mawaziri la Umoja wa Ulaya". Hayo maneno ya mwisho usiyakate pale unapolitaja mara ya kwanza, maana kwetu Baraza la Mawaziri ni la serikali.

Kwenye habari za vikwazo tofauti hii ina uzito. Wakuu hukubaliana mwelekeo, lakini wanaovipitisha kisheria ni Baraza la Mawaziri, tena kwa kauli moja. Nchi moja ikikataa, vinakwama. Mwaka 2022 Hungary ilichelewesha hivyo vikwazo vya mafuta ya Urusi.

Usiamue kwa jina la mji, kwani Bunge la Ulaya, ambalo ni la Umoja, nalo hukutana Strasbourg. Angalia waliokaa kikaoni ni nani na ni wa nchi ngapi. Mhariri akiendelea kubisha, mwombe abadilishe sentensi hii bila kuiharibu: "Uingereza ilijitoa katika Umoja wa Ulaya mwaka 2020, lakini ingali mwanachama wa Baraza la Ulaya."