Jibu: Ilani ya chama cha serikali ndogo ianzie wapi?

Mkuu, umeuliza kama ilani ya chama kinachotaka serikali iingilie mambo machache ianze na kupunguza wizara. Mimi nasema hapana. Wizara mbili zikiunganishwa, watumishi ni walewale na bajeti ileile, kinachobadilika ni kibao cha getini.

Anza na mamlaka. Hapa Tanzania, Sheria ya Tawala za Mikoa ya 1997 inampa mkuu wa mkoa au wa wilaya uwezo wa kuagiza mtu awekwe ndani hadi saa 48. Hao ni wateule wa Rais, hawajapigiwa kura na yeyote Temeke wala Ubungo. Vifuteni vifungu hivyo vya sheria.

Halafu vibali. Mwenye mgahawa Kariakoo anahangaika na leseni, afya, zimamoto, OSHA (wakala wa usalama na afya kazini), kila dirisha na ada yake. Andikeni ada moja, mkaguzi mmoja. Kodi mtabishana baadaye.