Kwa wewe unayeketi kwa Waquaker mara ya kwanza

Kama ulilelewa kama mimi katika Kanisa la Marafiki, jina jingine la Waquaker, magharibi mwa Kenya, penye pasta, kwaya na mahubiri, utaingia kwenye ibada ya Waquaker wa Uingereza udhani umekosea mlango. Viti vimepangwa duara, mimbari hakuna. Watu wameketi kimya, na watakaa hivyo saa nzima mpaka wazee wawili wapeane mikono. Ni Marafiki hao hao. Wamishenari waliofika Kaimosi mwaka 1902 walitoka Marekani, kwenye tawi lililokwisha kuwa na wachungaji. Hawa wa Uingereza walibaki na ukimya wao.

Katika ukimya huo, mtu akijiwa na neno papo hapo anaweza kusimama akalisema. Jumapili yangu ya pili nilisimama. Nikafungua Warumi sura ya nane, nikahubiri kama dakika kumi na mbili, nikaketi nikiona nimewasaidia. Hakuna aliyeitika amina. Wakati wa chai, mama mmoja mzee alinijia na kikombe mkononi, akaniuliza taratibu: "Maneno yale yalikujia asubuhi hii, au ulikuja nayo?"

Nilinuna wiki nzima. Nilikuwa nimeyaandika Jumamosi usiku.

Kwetu mtu akikuuliza "una hakika?" anakuambia umekosea, ila ana adabu. Hapa swali ni swali. Wanacho kijitabu cha vipengele 42 vya ushauri na maswali, na kimoja kinakutaka ukubali kwamba huenda umekosea. Husomwa katikati ya ukimya na hakuna anayejibu. Miezi ya mwanzo nilikuwa nageuka kutazama nani atajibu.

Usiwaulize, "Ninyi mnaamini nini?" Niliuliza kwenye meza moja nikapata majibu matatu: mmoja alinitajia Kristo, wa pili Nuru iliyo ndani ya kila mtu, wa tatu akasema Mungu hamwamini lakini ibada hakosi. Uliza, "Wewe ulifikaje hapa?" Hapo chai itakwisha mkiwa bado mnaongea.

Wala usikimbilie kubadilika. Nimeona wageni ambao mwezi wa pili tu wanaona haya kutamka jina la Yesu. Mimi bado naimba tenzi nikiosha vyombo. Kilichobadilika ni kidogo, na kimechukua miaka: zamani nilimwombea mtu ili anyooke, siku hizi naweza kumsikiliza mpaka amalize. Mama yangu akiniuliza kwenye simu kama kweli hiyo ni ibada, humwambia ajaribu kunyamaza saa moja. Hucheka sana.

Vikaoni hawapigi kura. Karani, ndiye anayeongoza kikao, huandika uamuzi papo hapo, akausoma, ukarekebishwa mpaka kikao kiridhike. Ndivyo walivyokubali, huko York mwaka 2009, kufungisha ndoa za watu wa jinsia moja. Makanisa mengi ya Marafiki nyumbani hayakubaliani nao, na mimi jambo hilo lilinisumbua muda mrefu. Nakutajia mapema usije ukalikuta ghafla ukiwa peke yako.

Kujiunga hakuna haraka. Wengine huhudhuria miaka na miaka bila kuwa wanachama. Nilipoomba uanachama, Marafiki wawili walikuja kwangu jioni, wakanikuta nasonga ugali. Nilikuwa nimejiandaa kutetea imani yangu. Tukanyamaza kidogo mezani, kisha mmoja akauliza ni swali gani bado linaninyima usingizi.

Nikaanza kuwaeleza. Ugali ulipoa.