Kujua tangi limejaa bila ya kupanda paani

SWALI: Tangi letu la lita 1,000 liko paani, Mji Mkongwe. Maji ya bomba huja usiku wa manane, yakajaa na kumwagika tumelala. Nina king'ora kibovu cha mlango, chaja ya simu ya zamani, spika na waya wa intaneti. Naweza kuunda kihisi kinioneshe kwenye simu kuwa tangi limejaa?
Msomaji, Malindi, Unguja

JIBU: Unaweza. Cha kununua ni bodi ya NodeMCU (ESP8266), kompyuta ndogo yenye Wi-Fi, na rizista ya omu 4,700. Bodi ibaki chini karibu na ruta, ukiilisha kwa chaja yako ya volti 5. Kuta za mawe na chokaa huzuia Wi-Fi, na hewa ya chumvi hula shaba. Juu upande waya tu.

Ndani ya king'ora mna swichi ya sumaku, kijibomba cha kioo, na kipande chake cha sumaku. Spika iache, sumaku yake nzito itazamisha boya. Kioo hupasuka upesi, kwa hiyo ukikunja mguu wa swichi ushike kwa koleo. Itie ndani ya ganda la kalamu, uzibe kwa silikoni.

Boya ni kichupa cha dawa kilichooshwa, sumaku ndani, kifuniko kimezibwa. Boya lipande ndani ya kipande cha bomba la PVC, kipana kuliko kichupa kwa milimita 5 tu. Kitoboe chini na juu, la sivyo hewa itanasa na maji hayatapanda. Swichi ifunge ubavuni mwa bomba, chini kidogo ya tundu la kumwagia. Hapo hapo weka kizuizi: boya likiipita swichi, simu itakwambia tangi halijajaa na maji yanamwagika.

Tumia jozi moja iliyosokotwa ya waya wa intaneti: mmoja kwenye pini ya bodi iliyoandikwa D1, mwengine G. Rizista iunge D1 na 3V3, kwa sababu ile ya ndani ya bodi ni dhaifu, na pampu ikiwaka waya mrefu hutoa taarifa za uongo. Usitumie D3. Umeme ukirudi tangi likiwa limejaa, bodi haitaanza kazi.

Programu ni ESPHome, ya bure. Washa `web_server`, yaani ukurasa wa kuonesha hali ya tangi, weka `inverted: true` ili swichi ikifunga isomeke "limejaa", na `delayed_on: 5s` ili mawimbi yasikusumbue. Sehemu ya `api` ifute. Ikibaki bila ya Home Assistant (programu ya kusimamia vifaa vya nyumbani), bodi hujizima na kujiwasha kila dakika 15. Ukurasa huo utaufungua mwenyewe simuni. Ukitaka simu ikuamshe, njia moja ni Home Assistant, hapo `api` usiifute, na kompyuta ya zamani yatosha kuiendesha.

Jaribu kwanza kwenye ndoo.