Swali la klopidogreli lililoniangusha

Juzi mwanafunzi wa uuguzi ameniandikia kwamba amefeli mtihani wa mdomo kwa swali la klopidogreli, dawa inayozuia chembe za damu kushikana na kuganda. Nilisoma ujumbe wake mara mbili, kidonda cha zamani kikaniuma. Swali hilohilo liliniangusha mimi mwaka wa pili.

Tulikuwa kando ya kitanda cha mgonjwa aliyewekewa stenti, kijibomba cha kuuweka wazi mshipa wa moyo. Alikuwa anatumia aspirini na klopidogreli, na asubuhi hiyo fizi zilivuja damu alipopiga mswaki. Nikafungua faili, nikaona chembe sahani, zile chembe za damu zinazoshikana kuzuia damu isivuje, ni 240,000, nikasema kwa kujiamini kwamba ziko za kutosha, hana tatizo. Mkufunzi akaniuliza, "Zipo. Zinafanya kazi?" Nikaduwaa. Nikaongeza kosa juu ya kosa: "Tupime INR," yaani kipimo cha muda wa damu kuganda. Wenzangu wakacheka, na kile kicheko sijakisahau.

Usiku ule nilielewa jambo ambalo nilikuwa nimelikariri tu. Dawa hizi hazipunguzi idadi ya chembe sahani, zinazizuia kushikana. Aspirini inakizima kimeng'enya cha COX-1, kinachosaidia chembe sahani kushikana, na kwa kuwa chembe sahani haina kiini, haiwezi kutengeneza kingine. Itabaki hivyo hadi ifike mwisho wa maisha yake, siku 7 hadi 10. Klopidogreli nayo, ikishabadilishwa na ini, inaziba kwa kudumu P2Y12, kipokezi cha ishara ya kushikana kwenye chembe sahani. Ndiyo maana mgonjwa akiacha kidonge leo, kesho bado anavuja damu. INR ni ya warfarini, dawa nyingine ya kuzuia damu kuganda; hapa iache.

Kesho yake nilirudi kwa yule mgonjwa, nikamuuliza anatumia dawa gani nyingine. Akaingiza mkono chini ya mto, akatoa vidonge vya ibuprofeni. Magoti yanamsumbua, akasema, na hakuna aliyemuuliza. Ibuprofeni inazidisha hatari ya kutoka damu, na inaweza kuizuia aspirini isifanye kazi yake!

Kwa hiyo, mdogo wangu, uliza. Uliza dawa za maumivu, uliza kama choo ni cheusi kama lami, dalili ya damu kuvuja tumboni, tazama fizi na michubuko. Uliza kila zamu, hata kama umeshauliza jana. Na ukiona damu kidogo, usimwambie mgonjwa mwenye stenti aache vidonge vyake. Stenti inaweza kuziba ghafla. Mwite daktari, yeye ndiye ataamua.

Ukirudia mtihani, anza na chembe sahani yenyewe, dawa zifuate.