Jaketi la ngozi la mtumba linabana kifuani, nichukue?

Kaka, kubana kidogo si neno, mradi zipu inafunga bila kulazimishwa. Ngozi halisi hulegea kadiri unavyoivaa. Angalia bega kwanza: mshono ukae pale mfupa unapoishia. Ukipita hapo mwachie muuzaji jaketi lake, maana fundi akifumua bega la ngozi, matundu ya sindano ya zamani hayazibiki. Kisha nyoosha mikono kama umeshika pikipiki. Mikono ya jaketi ikipanda kidogo ni sawa, ikiacha kifundo wazi kabisa ni mifupi. Minya ngozi kwa kidole: halisi hufanya vikunjo vidogo, bandia hubonyea tu. Na kwa unyevu huu wetu wa Malindi, nusa bitana. Harufu ya kuvu ni kazi kuitoa.