Maswali na majibu: kuielewa ardhioevu kuanzia kwenye tope

Swali: Wanafunzi wangu wanaamini kuwa ardhioevu ikikauka kiangazi imekufa. Niwaeleze nini?

Jibu: Waoneshe udongo kabla ya kuwaonesha maji. Ardhioevu nyingi hufurika kwa msimu tu, na kinachozitambulisha ni udongo uliokaa majini muda mrefu hadi ukaishiwa oksijeni. Chimbeni shimo dogo: mkikuta udongo wa kijivu wenye madoa ya rangi ya kutu kandokando ya mizizi, mmeuona ushahidi kwamba maji hupanda na kushuka hapo, kwa sababu chuma huyeyuka oksijeni inapokwisha na hushika kutu inaporudi. Mwanafunzi aliyelishika donge hilo ameelewa zaidi ya aliyekariri fasili.

Swali: Je, ardhioevu husafisha maji kwa kuyachuja kama kitambaa?

Jibu: Kwa sehemu tu. Matete hupunguza kasi ya maji, na mchanga na matope vikatuama. Lakini nitrati iliyoyeyuka, yaani kirutubisho chenye naitrojeni kama kile cha mbolea, ingepenya kitambaa chochote. Kinachoiondoa ni bakteria waishio kwenye tope lisilo na oksijeni, ambao huitumia nitrati kupumua na kuigeuza kuwa gesi ya naitrojeni inayorudi hewani. Fosforasi, kirutubisho kingine, haina njia hiyo ya kutokea: hung'ang'ania udongo, na udongo ukishiba, huanza kuiachia. Kwa hiyo ni kosa kubwa kuwafundisha vijana kwamba kinamasi kinaweza kupokea majitaka bila kikomo.

Swali: Mimea ya ardhioevu hupataje hewa?

Jibu: Matete na mafunjo yana nafasi za hewa ndani ya shina zinazoshusha oksijeni hadi mizizini, na aina kadhaa za mikoko huchomoza mizizi ya kupumulia juu ya tope.

Swali: Mimi ni mwanafunzi. Ikiwa vinamasi hutoa methani, gesi inayoongeza joto duniani, kwa nini tuvihifadhi?

Jibu: Umeuliza jambo ambalo vitabu vingi vya shule hulipita haraka. Ukosefu wa oksijeni unaozalisha methani ndio huohuo unaozuia masalia ya mimea yasioze, yakarundikana kwa maelfu ya miaka. Ardhioevu zenye marundo hayo huchukua takriban asilimia 3 tu ya nchi kavu, lakini kaboni yake huzidi ile iliyomo katika miti ya misitu yote duniani. Zikichimbiwa mitaro ya kuzikausha, oksijeni huingia, masalia huoza, na kaboni hiyo hutoka mwaka baada ya mwaka ikiwa kaboni dioksaidi.

Swali: Matumbawe nayo ni ardhioevu?

Jibu: Kwa Mkataba wa Ramsar wa mwaka 1971, mkataba wa kimataifa wa kuhifadhi ardhioevu, ndiyo, mradi kina cha bahari hapo kisizidi meta 6 maji yanapokupwa.